Nahodha John Newton

Katika mji wa London, nchi ya Uingereza, alizaliwa mtoto mwaka 1725, jina lake John Newton. Baba yake alikuwa nahodha wa merikebu, na mara nyingi alikuwa safarini. Mama yake alikuwa mcha Mungu; alimfundisha mwanawe kusoma, na kusali, na kukariri tenzi. Lakini mama huyo alikufa mwaka 1732, mtoto hajatimiza miaka 7. Alipopata miaka 11 babaye alimchukua baharini, na huko yale mafundisho ya mama yakamtoka moja moja.

Alipokuwa kijana alisifika kwa matusi, akawadhihaki wenziwe waliomwamini Mungu. Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu, akatiwa katika manowari ya Mfalme. Akatoroka, akashikwa, akapigwa mijeledi mbele ya mabaharia wote. Baadaye alihamishiwa merikebu ya watumwa, akashukia pwani ya Sierra Leone, akawa mtumishi wa Mzungu mmoja aliyefanya biashara ile. Huko akaugua homa, akanyimwa chakula, akakonda mno. Basi sikieni jambo hili, wala msilisahau: watu waliofungwa minyororo, wakingoja kuuzwa, walimhurumia, wakampelekea kwa siri sehemu ya chakula chao kichache.

Mwisho nahodha mmoja aliyeombwa kumtafuta alimpata, akamchukua kumrudisha kwao. Usiku mmoja wa mwezi wa Machi 1748 tufani kubwa iliwakuta, na maji yakajaa ndani ya merikebu. Newton alikuwa akipanda juu. Nahodha akamrudisha alete kisu, na mtu aliyepanda badala yake akachukuliwa na wimbi papo hapo. Newton alivuta maji kwa bomba tangu saa tisa za usiku hata karibu na adhuhuri, kisha akashika usukani. Katika hofu ile kinywa chake kikamwomba Mungu rehema, naye mwenyewe akashangaa kusikia maneno yake. Baada ya majuma kama 4 wakafika Ireland, chakula kimekwisha.

Tangu siku zile akaacha matusi, akaanza kusoma Biblia na kusali. Aliyemtazama angesema, huyu amekwisha kuongoka. Lakini ulimi ulikuwa umegeuka, na mikono bado. Kati ya mwaka 1750 na 1754 alifanya safari tatu akiwa nahodha wa merikebu za watumwa. Siku ya Jumapili aliwakusanya mabaharia wake akawasomea sala; na chini ya mbao walizosimama juu yake, waume walilala wamefungwa vyuma wawili wawili. Hata watoto aliowashuku kushiriki katika maasi aliwabana vidole kwa chuma ili wakiri. Wala moyo wake haukumchoma, kwa maana sheria ya nchi iliiruhusu kazi hiyo, na watu wa heshima walitajirika kwayo. Kile chakula alichopewa na wafungwa, ilikuwa kana kwamba amekisahau.

Mwaka 1754 aliacha bahari. Hakuacha kwa toba, bali kwa ugonjwa wa ghafula. Mwaka 1764 akawa kasisi katika mji mdogo wa Olney, akatunga tenzi ambazo nyingine huimbwa hata leo duniani kote. Mwaka 1780 alihamia kanisa moja la London. Muda huo wote Neno la Mungu lilikuwa likifanya kazi ndani yake polepole, kama chachu katika unga. Mwaka 1785 William Wilberforce, kijana wa Bunge, alimjia kwa siri kutaka shauri, naye akamsihi asiache Bunge, bali amtumikie Mungu humo humo.

Hata mwaka 1788 Newton alipiga chapa kitabu kidogo, akaungama mbele ya watu wote mambo aliyoyatenda na kuyaona. Alikuwa mzee wa miaka 62, mwenye sifa njema; kama angenyamaza, nani angemwuliza? Tena akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, akieleza habari za minyororo kama mtu aliyeifunga kwa mikono yake. Mwezi wa Machi 1807 Bunge la Uingereza likapiga marufuku biashara hiyo. Newton, karibu kipofu, aliisikia habari ile, akafa Desemba mwaka huo huo.

Je, imani yake ya mwaka 1748 ilikuwa ya uongo? Baadaye alikiri kwamba wakati ule alikuwa hajawa mwamini kamili. Labda tuseme ilikuwa mbegu, na mbegu huchukua muda kuzaa. Lakini tusijifariji upesi. Tangu tufani ile hata kitabu kile ilipita miaka 40, na watu aliowauza hawakuweza kungoja mti uzae.

Basi, mwanafunzi, usalipo jioni, usiuchunguze ulimi wako tu. Itazame na mikono yako, imefanya nini leo, na ni nani aliyelia kwa ajili yake; hata kama jambo lile watu wote huliona ni halali.

Maswali
1. Ni nani waliomlisha Newton alipokuwa mgonjwa?
2. Baada ya tufani, ni nini kilichogeuka katika maisha yake, na ni nini ambacho hakikugeuka?
3. Kwa nini haikuwa rahisi kwake kuungama mwaka 1788?