Mtakatifu Lidwina wa Schiedam: binti aliyeanguka kwenye barafu

Tarehe 14 Aprili Kanisa humkumbuka Mtakatifu Lidwina wa Schiedam, msimamizi wa wale wanaoteleza kwenye barafu. Wengi wetu barafu tunaijua ya kwenye friji, au ile tunayoiona kwa mbali juu ya Kibo asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Lakini katika nchi za baridi watoto huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli, wakacheza juu ya barafu kama wachezao ngoma: huzunguka, huruka, hutua kwa mguu mmoja. Mwalimu wao hawafundishi kuruka kwanza. Huanza kwa kuwafundisha namna ya kuanguka na namna ya kuinuka, maana mtoto anayeogopa kuanguka hathubutu hata kusogeza mguu. Na yule aliyekwisha kuanguka vibaya mbele ya watu huacha kabisa kujiamini. Kumrudishia moyo wake ni kazi ya siku nyingi.

Ajabu ni kwamba msimamizi wao ni binti aliyeanguka mara moja na hakuinuka tena. Ndiyo maana tumependa kumtazama, yeye pamoja na padre mmoja aliyekuwa karibu naye.

Lidwina alizaliwa mwaka 1380 huko Schiedam, mji mdogo wa Uholanzi. Baba yake, Pieter, alikuwa mlinzi wa usiku wa mji, na mama yake aliitwa Petronella. Katika watoto tisa yeye alikuwa binti pekee. Alikua na afya na uzuri, na hata kabla hajafikia umri wa kuolewa wachumba walikwisha kubisha hodi. Baba alipenda aolewe. Binti alikataa, kwa kuwa alitaka kuwa wa Mungu tu. Hadi hapo maisha yake yanafanana na ya mabinti wengi tunaowasoma katika vitabu vya watakatifu.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1395 kuingia 1396, akiwa na miaka kumi na mitano, alikuwa ametoka kuugua na nguvu zilikuwa zinamrudia. Marafiki zake wakaja nyumbani kumwomba atoke nao waende wakateleze kwenye barafu. Akatoka. Mmoja wao, akija kwa kasi na kushindwa kujizuia, akamgonga. Lidwina akaangukia kipande cha barafu na kuvunjika ubavu wa kulia.

Tungetegemea kwamba ubavu wa msichana wa miaka kumi na mitano ungeunga baada ya wiki kadhaa. Haukuunga. Palitokea jipu kwa ndani, na waganga walioitwa hawakuweza kitu. Simulizi zinasema kwamba katika mkesha wa Kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, maumivu yalipomzidi, alijirusha kutoka kitandani hadi mapajani mwa baba yake akilia, na jipu likapasuka. Tangu hapo hali yake ilizidi kudhoofika, kiungo baada ya kiungo, hadi ukabaki hasa mkono wa kushoto aliouweza kuusogeza. Madaktari wengine wa siku zetu wanaosoma habari zake hudhani ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ule unaolemaza mwili polepole kwa miaka.

Hapa ndipo tunapoomba wasomaji wasiharakishe kwenda kwenye miujiza. Picha za watakatifu zimetuzoesha kumwona mgonjwa akitabasamu toka siku ya kwanza. Lidwina hakutabasamu. Kwa miaka mitatu minne ya mwanzo alikuwa binti aliyekata tamaa. Wenzake walipokuja kumtazama na mashavu yao mekundu ya baridi, kuja kwao kulimwongezea kilio, kwa maana aliona ndani yao kile alichokuwa yeye jana. Kusali hakuweza. Alitaka kupona, basi.

Muungamishi wake aliitwa Jan Pot. Alimshauri ayatafakari Mateso ya Bwana, ayaweke maumivu yake mwenyewe kando ya maumivu ya Msalabani. Ushauri huo kila mmoja wetu anaweza kuutoa. Tumekwisha kuusikia kwenye mahubiri ya Kwaresima mara nyingi kiasi kwamba hautugusi tena. Lidwina naye haukumgusa. Alijaribu, akakuta ni ukavu mtupu, akaacha. Padre akarudi, akamsihi ajaribu tena. Akajaribu tena, akachoka tena. Sisi tunaojiandaa kwa upadre tunaona kwamba sehemu hii ndogo, ambayo vitabu huipita kwa sentensi mbili, ndiyo yenye uzito kuliko zote. Yule padre hakumwona mwenye dhambi kwa sababu sala ilimshinda, wala hakumwacha.

Baadaye wakapata njia. Mateso yakagawanywa katika sehemu saba kufuata vipindi vya Sala ya Kanisa, ili mgonjwa asibebe yote kwa mkupuo mmoja, bali awe na kipande chake cha asubuhi, cha mchana na cha usiku wa manane asipopata usingizi. Tena Jan Pot akamletea Ekaristi. Enzi zile walei walikomunika kwa nadra sana, na kwa Lidwina ilianza kuwa mara mbili tu kwa mwaka, kisha ikaongezeka. Inasimuliwa kwamba siku moja alipomkomunisha alimweleza kuwa hadi hapo alikuwa akifarijiwa na mtu, na sasa ni Kristo mwenyewe anayekuja kumfariji. Binti akalia siku nyingi, lakini si kilio kile cha zamani.

Mwili haukupona. Kilichobadilika ni kwamba aliacha kujiona mzigo. Kutoka kitandani akaanza kuuliza habari za maskini wa mji na kuwagawia sadaka alizoletewa, na watu wenye shida zao wakaanza kuja kuketi kando yake. Halmashauri ya mji iliandika hati mwaka 1421 kushuhudia namna alivyoishi miaka mingi pasipo kula. Sisi hatutaingia katika hayo.

Hata hivyo si mapadre wote waliomwamini. Padre mmoja aliyekuja baadaye kuhudumia parokia alimshuku, na inasimuliwa kwamba alimpelekea hostia isiyogeuzwa ili amjaribu. Lidwina akatambua, na mji ukachafuka. Tumejadiliana kuhusu kisa hiki na hatukukubaliana wote. Wengine walisema mchungaji ana wajibu wa kuchunguza. Kweli anao. Lakini kumtegea mtu mtego ndani ya Sakramenti, na mtu huyo ni mgonjwa asiyeweza kugeuka kitandani, si kuchunguza.

Alifariki tarehe 14 Aprili 1433, katika Oktava ya Pasaka, baada ya miaka thelathini na saba na zaidi ya kitanda. Thomas à Kempis aliandika maisha yake, na mwaka 1890 Papa Leo XIII alithibitisha heshima anayopewa.

Mwaka 1498 huko Schiedam kilichapwa kitabu cha maisha yake chenye picha iliyochongwa kwenye ubao, ambayo ni kati ya picha za kale kabisa zinazoonyesha watu wakiteleza kwenye barafu. Lidwina yuko chini, wanawake wawili wamemwinamia wakimshika ili wamwinue. Nyuma yao mtu mwingine anateleza na kwenda zake kwa mguu mmoja. Jan Pot hayumo katika picha hiyo. Zamu yake ilikuwa bado.