Williamson wa Mwadui na jiwe la waridi

Kila nikisikia Dkt John Williamson akisifiwa kwa kumtunza bintimfalme wa Uingereza almasi siku ya harusi, huuliza: jiwe lenyewe lilikuwa la nani?

Williamson alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1907, akasomea jiolojia Chuo Kikuu cha McGill mpaka akapata udaktari. Kazi za madini zilimleta Afrika, kisha akajitegemea Tanganyika, akisaka almasi katika nchi ya Wasukuma. Alitaabika. Malaria ilimwandama, fedha zikamwishia, akategemea msaada wa wakili Mhindi wa Mwanza, I. C. Chopra, aliyekuja kuwa mshirika wake. Mwaka 1940 akaipata Mwadui, karibu na Shinyanga.

Haki yake simnyimi. De Beers, walioshika soko la almasi duniani, walipombana kuhusu kiasi cha kuuza, aliyaweka mawe yake ghalani akagoma. Mwadui ikawa mji wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege. Lakini mji huo ulizungushiwa ua, na Msukuma aliyeokota jiwe bila kibali kwenye ardhi ya babu zake aliitwa mwizi. Sheria iliyomwita hivyo ilitungwa na wakoloni.

Mwaka 1947 likapatikana jiwe la rangi ya waridi, karati 54.5. Williamson akampa Elizabeth. Lilipochongwa London lilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Mtoaji anatajwa, aliyepewa anatajwa, hata sonara, Cartier, anatajwa. Vibarua waliochimba na kuchekecha udongo wa Mwadui hakuna anayewataja.

Alifariki Januari 1958, hana mke wala mtoto. Mwaka huohuo warithi wakauza mgodi: nusu kwa De Beers, haohao aliogombana nao, nusu kwa serikali ya Tanganyika, ambayo bado ilikuwa ya Mwingereza.

Mgodi haukufa naye. Mwaka 2021 Petra Diamonds, waliokuwa wakiumiliki pamoja na serikali ya Tanzania, walikubali kutoa pauni milioni 4.3 kumaliza madai yaliyopelekwa London, bila kukiri kosa. Waliodai ni wanakijiji wa Mwadui, waliosema walinzi waliwapiga na kuwafyatulia risasi. Wengi walikuwa wameingia kutafuta almasi.