John McCormack: Aliyeacha Jukwaa la Opera

Wengi wetu tunaufahamu wimbo Panis Angelicus, ambao maneno yake yanatokana na utenzi wa Mtakatifu Thoma wa Akwino. Leo tumkumbuke mmoja wa walioupamba kwa sauti zao.

John McCormack alizaliwa tarehe 14 Juni 1884 mjini Athlone, Ireland, katika familia ya watoto 11. Wazazi wake walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo za sufu. Aliimba katika Kwaya ya Palestrina jijini Dublin, chini ya mwalimu Vincent O'Brien, na mwaka 1903 alishinda medali ya dhahabu katika mashindano ya Feis Ceoil. Kisha akaenda Italia kusomea uimbaji. Mwaka 1907, akiwa na miaka 23, alisimama kwenye jukwaa la Covent Garden, London.

Lakini opera ni mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Sauti McCormack alikuwa nayo. Uigizaji ulimshinda, na mwenyewe alilijua hilo. Basi, ingawa opera ilikuwa ndicho kilele cha heshima kwa mwimbaji, aliiacha polepole akageukia matamasha: yeye, mpiga piano na wimbo. Aliimba kazi za watunzi wakubwa pamoja na nyimbo za kwao. Wapo waliomwona amejishusha. Lakini huko Marekani, wahamiaji kutoka Ireland walifurika kumbini kumsikiliza, na santuri zake zikauzwa kwa mamilioni. Hata alipoigiza katika filamu ya Song o' My Heart, mwaka 1930, alipewa nafasi ya mwimbaji.

Mwaka 1928 Baba Mtakatifu Pio XI alimtunukia cheo cha heshima. Mwezi Juni 1932, katika Misa ya kufunga Kongamano la Ekaristi la Kimataifa jijini Dublin, aliimba Panis Angelicus mbele ya umati mkubwa uliofurika Phoenix Park.

Aliaga jukwaa mwaka 1938, lakini vita vilipozuka alirudi kuimba kulichangia shirika la Msalaba Mwekundu, mpaka afya ikamkatalia. Alifariki tarehe 16 Septemba 1945.

Sisi tulio katika malezi, na nanyi waamini parokiani, mara nyingi tunatamani nafasi yenye sifa kuliko ile tunayoiweza. McCormack aliiacha ya kwanza mapema, akapata miaka mingi ya kuitumikia ya pili.