Mervyn Cowie: Mwasisi wa mbuga ambaye wanyama wake walitegemea Kitengela

MERVYN Cowie alizaliwa Nairobi mwaka wa 1909. Aliporejea kutoka masomoni Uingereza mnamo 1932, alisikitishwa na jinsi wanyamapori walivyokuwa wamepungua.

Mhasibu huyo alituma barua gazetini kwa jina la bandia, akipendekeza wanyama wote wauawe. Wasomaji walighadhabika, na hilo ndilo alilolitaka. Desemba 1946, Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilifunguliwa, ya kwanza nchini, naye akaongoza mbuga za taifa hadi 1966.

Hata hivyo, kilomita 117 za mraba hazikuwatosha nyumbu na punda milia. Mvua iliponyesha walivuka mto Mbagathi kwenda kuzaa Kitengela, katika malisho ya Wamaasai wa Kajiado. Uwindaji ulipigwa marufuku kote nchini 1977, lakini marufuku hiyo haikuzuia ardhi kugawanywa na kuzungushiwa ua.

Cowie alifariki 1996. Miaka minne baadaye, ulianza mpango wa kuwalipa wenye mashamba Kitengela ili wasiyazungushie ua wala kuyauza. Kazi aliyoianza serikalini iliangukia mikononi mwa mfugaji.