James Watt na Bei ya Nguvu

Jina la James Watt limeingia katika Kiswahili likawa wati, likapata ngeli yake, na leo huchapwa juu ya kila balbu. Wengi wamesikia ile ngano ya birika la maji lililomfunza nguvu za mvuke. Wachache wamesimuliwa habari ambayo mwalimu wa hesabu angeihitaji zaidi: kwamba mtu huyu alikuwa na bidhaa isiyoshikika mkononi, naye akalazimika kuitafutia bei.

Watt alizaliwa mwaka wa 1736 mjini Greenock, Scotland. Alijifunza uundaji wa vyombo vya kupimia, na kufikia mwaka wa 1757 alikuwa na karakana yake katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Huko ndiko alikoletewa kielelezo cha injini ya mvuke ya Newcomen akitengeneze. Akatambua kwamba mvuke mwingi ulipotea bure kwa kuwa silinda ilipozwa na kupashwa moto upya katika kila pigo. Mwaka wa 1765 akapata dawa: mvuke upozwe katika chombo cha pembeni, silinda ibaki na joto lake. Alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka wa 1769. Mwaka wa 1775 akashirikiana na Matthew Boulton, mwenye viwanda wa Birmingham, na Bunge la Uingereza likairefusha haki hiyo hadi 1800.

Wateja wao wakubwa wa awali walikuwa wenye migodi ya Cornwall, ambako makaa ya mawe yaliletwa kwa meli na yalikuwa ghali. Washirika hao wawili walidai thuluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa kwa kuiacha injini ya Newcomen. Lakini kilichookolewa kitajulikanaje? Watt aliunda kihesabio, kikafungiwa kisandukuni kwa kufuli, kikawa kinahesabu kila pigo la injini. Mapigo yakizidi, malipo nayo yalizidi. Wenye migodi walinung'unika, baadhi wakakataa kulipa, na kesi za hataza zikaendelea mahakamani hadi mwaka wa 1799.

Katika miaka ya 1780 injini zilianza kuzungusha magurudumu ya viwandani, ambako mara nyingi hapakuwa na injini kuukuu ya kulinganishia. Palikuwa na farasi. Mteja alitaka kujua atawaondoa farasi wangapi. Watt akapiga hesabu, akaamua kwamba farasi mmoja huweza kuinua ratili 33,000 kwa kimo cha futi moja katika dakika moja. (Farasi wa kawaida hawezi kudumu na kazi hiyo kutwa nzima, kipimo kilimfaa mnunuzi, naye hakulalamika.) Malipo yakatozwa kwa mwaka, kwa kila nguvu-farasi moja.

Hapa ndipo wanafunzi wetu wanapojikwaa. Kule migodini hesabu ilifuata kazi iliyofanyika. Huku viwandani mteja alilipia uwezo wa kuifanya, injini izunguke au ilale. Hayo ni mambo mawili, ijapokuwa bidhaa ni ileile.

Watt alistaafu mwaka wa 1800, akafariki mwaka wa 1819, kabla umeme haujaanza kuuzwa. Ni William Siemens aliyependekeza mwaka wa 1882 kwamba kipimo cha nguvu ya umeme kiitwe kwa jina lake. Nguvu-farasi moja ni takriban wati 746.

Tuchukue basi mfano wa nyumbani. Kituo cha Gitaru katika Mto Tana kina mitambo ya megawati 225. Mwanafunzi akiulizwa thamani ya umeme wake, asikimbilie kuzidisha 225 kwa bei, maana huo ni uwezo tu. Megawati 225 ni kilowati 225,000. Mitambo ikifanya kazi kikamilifu kwa saa moja hutoa kilowati-saa 225,000, nazo ndizo uniti zinazouzwa. Tukichukua shilingi 10 kwa uniti, kwa mfano tu, saa hiyo ina thamani ya shilingi 2,250,000. Mwaka una saa 8,760, na jawabu la karatasini ni shilingi 19,710,000,000. Lakini kabla ya kulipigia mstari aulize mto ulikuwa na maji kiasi gani. Iwapo mitambo ilitoa nusu ya uwezo wake kwa wastani, zilizopatikana ni shilingi 9,855,000,000.