Tafakuri ya Ramadhani: Carl Peters na ardhi ya Msowero

Leo nakuletea maisha ya mtu asiye mwema, ila alipita kwetu.

Ukitoka Mikumi ukapita Kilosa kwenda Dumila, unaikuta Msowero. Hapo, Novemba 1884, Chifu Mangungo aliwekewa hati ya Kijerumani aitie alama. Aliyeileta ni Carl Peters, mtoto wa mchungaji, mwenye miaka 28. Nyuma yake kulikuwa na wenzake wachache na chama walichokianzisha Berlin mwezi Machi mwaka huohuo. Siku hizi tungeiita kampuni changa. Fedha kidogo, na serikali yao ilishawaambia haitawalinda. Kijana wa hivyo anathubutu, maana hana cha kupoteza. Mwenzake mmoja, August Otto, alifia hukuhuku Usagara.

Lakini hebu tazama vizuri: ardhi aliyoichezea si yake. Mangungo hakuweza kuisoma ile hati. Kwa fiqhi yetu hiyo ni gharar tupu.

Februari 1885 Kaisari akawapa barua ya ulinzi. Kampuni ikakua, wenye benki wakaingiza fedha, na hao walitaka faida ya uhakika. Mwaka 1888 ikakodi pwani na forodha zake kwa Sultani wa Zanzibar. Watu wa pwani wakasimama na Abushiri bin Salim. Kampuni ikabaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Ule ujasiri wote ukaisha! Wakalilia serikali. Jeshi likaja 1889 kwa fedha za umma, Abushiri akanyongwa Pangani. Kufikia 1891 utawala ukawa wa serikali. Kampuni ikabaki na mashamba na biashara, tena ikilipwa kutoka forodha zilezile. Yaani hatari ilikuwepo, ila waliibeba wengine.

Peters naye alipewa kazi Kilimanjaro, akaamuru mtumishi wake na msichana mmoja wanyongwe. Watu walimwita Mkono wa Damu. Alifukuzwa kazi 1897, akafa 1918.

Katika mudharaba, mali ikipotea bila uzembe, hasara ni ya mwenye mtaji. Mfanyakazi amepoteza jasho lake. Kama mnachanga kununua mpunga Kilosa, au mna bodaboda tatu Mikumi, waulize wenzako baada ya futari: mlipoanza hasara ilikuwa ya nani, na sasa mmekua, ni ya nani?

Tukutane kesho, in shaa Allah.