Brett Weston, mpiga picha aliyechoma filamu zake mwenyewe

Brett Weston alizaliwa tarehe 16 Desemba 1911 mjini Los Angeles, nchini Marekani. Baba yake, Edward Weston, alikuwa mpiga picha mwenye jina kubwa. Mwaka 1925 baba alimtoa mtoto masomoni, akaenda naye Mexico. Ni kule Brett, akiwa na miaka 13 tu, alianza kupiga picha kwa aparei ya baba. Mwaka 1929 picha zake zilionyeshwa pamoja na za baba mjini Stuttgart, Ujerumani.

Alipenda kupiga vitu vya kawaida: mchanga, majani, barafu, maji, vyote kwa rangi nyeusi na nyeupe.

Kisha baba akapatwa na Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemesha mwili. Kazi ya kutoa picha kwenye karatasi ikamshinda. Njo Brett akaingia chumba cha giza kumfanyia, baba akisimamia. Edward alifariki mwaka 1958, na Cole, mdogo wake Brett, akaendelea kutoa picha za baba kwa miaka mingi.

Lakini kwa zake, Brett alikataa. Kwake, filamu ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ingine ilikuwa mkono wa mwenyewe pale gizani. Desemba 1991, alipotimiza miaka 80, alichoma karibu filamu zake zote.

Alifariki tarehe 22 Januari 1993 huko Hawaii. Ufundi aliurithi kwa baba. Mkono wake hakuuachia mtu.